Kofia ya Gego la Kushoto

Jumatatu, 8 Agosti 2016

Siku ya ishirini na tatu bila mke wangu Wambura. Siku ya mia mbili na kumi na moja ya jino. Hesabu zote mbili ninaziandika kwa makaa kwenye ukuta wa jikoni, kando kando, na zote mbili zinapanda.

Jino lenyewe halina haki ya kuuma. Ni gego la juu, kushoto, na lilikufa mwaka 2009. Nililipia kifo chake mimi mwenyewe, taslimu! Daktari wa wakati ule alilitoboa, akatoa mshipa, akasafisha mizizi, akajaza, kisha akanionyesha picha. Mistari mitatu myeupe. Nilihesabu. Akasema nirudi baada ya wiki tatu nivikwe kofia ya jino, kwa sababu jino lililokufa hukauka kama ukuni na siku moja hupasuka.

Nikaenda nyumbani nikafikiri. Haliumi. Limekufa. Maiti gani huvikwa kofia? Pesa ya kofia ikanunua mabomba ya kunyunyizia migomba maji, na mabomba yanafanya kazi mpaka leo. Nani alikosea hapo?

Wambura anasema ni mimi. Tangu Januari alikuwa akipika sufuria mbili kila siku, moja ya watu, moja yangu ya ndizi zilizopondwa hadi zikawa kama uji mzito. Jumapili ile baada ya kanisa alifunga mkoba. Akasema haondoki kwa hasira. Anaenda kwa kaka yake Gichovi, kule Manyatta ya Embu, kupumzisha mkono.

"Siku utakayotengeneza hilo jino, Baba Ntinyari, nitarudi. Hata kama ni kesho."

Kesho! Kwani mimi ni mtu wa kulipia kazi moja mara mbili? Nilianza hapa Mitunguu na miche kumi na miwili ya kuomba. Leo nina migomba mia sita na arobaini. Sikufika hapo kwa kurudia kulipa.

Jioni nimejipondea ndizi. Madonge. Nimemeza madonge kumi na manne nikiangalia stuli yake.

Jumanne, 9 Agosti

Bundi amepita. Jirani yangu, mjane mwenzangu karibu niseme. Hapana! Yeye ndiye mjane. Mimi nina mke, yuko Manyatta tu.

Bundi ana meno ya bandia juu na chini, na huyasuuza kwenye mfereji wangu wa maji, upande wa juu, kabla maji hayajafika kwangu. Kila wiki hupeleka ndizi Manyatta kwa pikapu. Leo ameniambia, bila kuulizwa, kwamba alimwona Wambura sokoni. Kwamba alikuwa anacheka. Kwamba aliuliza hali yangu, naye Bundi akamjibu ukweli kama Mkristo: bado nakunywa uji kwa kijiko.

Nimemuuliza alikuwa anacheka nini. Bundi amesema hakumbuki, ni kicheko tu, cha mtu ambaye hana kazi nyingi.

Kisha akaketi barazani kwangu akala hindi la kuchoma, mistari kumi na miwili, yote. Meno ambayo hata si yake.

Jumatano, 10 Agosti

Nimepata njia!

Wambura hakusema niende kwa daktari. Alisema nitengeneze jino. Atajuaje limetengenezwa? Kwa kuniona nikila. Basi nitakula. Nina upande wa kulia mzima, magego matano, hakuna hata moja lililokufa. Mtu akitazama mdomo uliofungwa hajui ni upande gani unaofanya kazi.

Nimempigia simu. Nimemwambia jino limekwisha kupona na Jumamosi naja kumchukua. Nikasikia kuku wa Gichovi, nikasikia mtu anapasua kuni, na katikati yake pumzi yake. Nilikuwa nimesahau kwamba hupumua hivyo kabla ya kuuliza swali.

Ameuliza nimepona kwa daktari gani. Nikasema mtandao ni mbaya.

Akauliza nikija nitakula nini. Nikasema mbuzi.

Akasema haya. "Haya" yake ilikuwa ndefu kidogo. Nimeipima kichwani mchana kutwa na bado sijui ina uzito gani.

Ijumaa, 12 Agosti

Mazoezi siku mbili. Nyama ya kuchoma ya pale sokoni, upande wa kulia pekee, kichwa kimeinama kidogo kama mtu anayesikiliza mahubiri. Tafuna arobaini kwa kipande kidogo, sitini kwa chenye mshipa. Jana nilikosea mara sita. Leo mara moja, nikaona nyota mchana. Mtu anayetoka sita hadi moja kwa siku moja amefaulu.

Ntinyari, binti yetu anayefundisha Githongo, amepiga simu. Amesema kwa nguvu hizo ningekuwa nimeshafika kwa daktari na kurudi. Walimu hawaelewi biashara.

Zawadi ziko tayari. Sukari, majani ya chai, mkungu mmoja wa ndizi za kuiva, kilo ishirini na nane. Na kwa Gichovi, kitita cha miraa ya heshima kutoka juu Nyambene, imefungwa kwa jani la mgomba, jinsi mwanamume wa Meru anavyokwenda kwa wakwe. Waembu wana muguka wao, majani ya kuparuza mkononi na kutupa mdomoni. Acha waone kitu kilichofungwa.

Nauli hakuna. Bundi atanibeba. Imenibidi nimwombe.

Nimekunja shati la Wambura lililobaki kambani. Halikuhitaji kukunjwa.

Jumamosi, 13 Agosti

Naandika kwa upande mmoja wa kichwa. Nitaandika kwa utaratibu.

Tulifika saa tano. Wambura alikuwa uani anapepeta maharagwe. Amenawiri. Akanisalimia kwa mkono kama tunavyosalimia wageni kanisani, lakini mkono ulikaa kidogo kabla ya kuondoka. Labda nukta mbili. Nilizihesabu.

Gichovi alikuwa amechinja. Kwa wakwe huwezi kusema neno la maana kabla hujala, na wao huangalia unavyokula. Nilikula vipande kumi na tisa! Upande wa kulia, kichwa kimeinama. Nikala muthokoi sahani mbili, mahindi makavu na maharagwe, punje kwa punje. Gichovi akasema shemeji amekuja na njaa ya Mitunguu yote. Wambura alisimama mlangoni na kitambaa cha vyombo, akiniangalia taya. Nikamtabasamia. Akaingia ndani, na nilimsikia akimuuliza mke wa Gichovi mkoba wake uko wapi.

Mkoba! Hapo ndipo ningesimama, nikashukuru, nikafunga sala.

Lakini miraa ilikuwa bado mezani. Nami nilikuwa nimemweleza Gichovi, kwa kirefu, mbele ya Bundi, kwamba kwetu mtu hapeleki miraa kwa mkwe halafu akae akitazama. Aliyeileta hutafuna na aliyepewa, ama sivyo ni matusi. Nilitaka tu ajue kitita kile kina uzito wake. Gichovi akakifungua, akacheka, akasema watu wa Meru mnakula kuni. Kisha akaninyooshea vijiti sita, kwa mikono miwili.

Kwa mikono miwili. Ningekataaje?

Bundi akatoa mfukoni chingamu mbili za kulainisha mdomo. Kila anayetafuna miraa anajua lazima iwe na chingamu. Akanipa moja.

Sasa jambo hili sikuwa nimelipigia hesabu. Nyama nilijifundisha siku mbili. Miraa nimetafuna miaka thelathini na moja, na miaka yote hiyo tonge langu la miraa hukaa shavu la kushoto. Shavu halikuniuliza. Kijiti cha kwanza, cha pili, cha tatu, tunaongea bei ya kahawa, naona dunia ni nzuri. Kijiti cha nne, chingamu ikashika kitu. Nikavuta kwa ulimi. Ikasikika sauti ndogo, kama mtu amevunja njiti ya kiberiti.

Nilipotema, chingamu ilikuwa imebeba kijiwe cha kijivu, ukubwa wa dengu. Kazi yote ya mwaka 2009. Na kando yake, ukuta mmoja wa jino.

Sikupiga kelele. Gichovi anasema nilipiga. Bundi aliniwekea mkono begani akaniambia pole, yake hutoka yote na hata hayaumi.

Wambura akaja na kile kisimu chake cha mulika mwizi, akawasha taa. Akaniambia nifungue mdomo. Akaangalia sana.

"Ulikuja kunichukua," akasema, "ama ulikuja kunidanganya?"

Nilijaribu kumjibu yote mawili, lakini mdomo ulikuwa wazi.

Mkoba ukarudi ndani.

Jumapili, 14 Agosti

Bundi amerudi Mitunguu bila mimi. Siwezi kukaa wima. Nimelala kwenye kochi la Gichovi na shavu kama papai, wengine wote wako kanisani.

Sio wote. Saa nne hivi nimesikia jikoni mwiko unagonga sufuria. Mara tatu, kimya kidogo, mara mbili. Ndivyo anavyoponda, hakuna mwingine. Siku ishirini na tisa sijausikia mlio huo, na nilikuwa nimejiambia ninachokosa ni ndizi.

Nimefumba macho nikajifanya nimelala, ili asiache.

Ameniletea bakuli. Hakuna donge hata moja. Akakaa kwenye mkono wa kochi mpaka nikamaliza, na nilikula polepole sana. Sijawahi kula polepole vile katika maisha yangu.

Nilipomaliza akasema kesho tunakwenda Embu mjini kwa daktari wa meno. Sikuuliza bei.

Jumatatu, 15 Agosti

Daktari ni msichana wa umri wa Ntinyari. Amepiga picha, ameangalia, ameniita nione.

Gego langu lina mizizi mitatu, ni kweli. Lakini mifereji ya mshipa ndani yake ni MINNE! Wa nne umejificha pembeni ya mwingine, mwembamba kama uzi wa kushonea. Mwaka ule haukuonekana, ukaachwa na uchafu wake ndani, miaka saba. Nikasimama kwenye kile kiti na kitambaa kifuani. Nikamwambia Wambura asikie mwenyewe! Nililipia kazi nzima nikapewa robo tatu. Asilimia ishirini na tano imepunjwa. Nilisema mimi nimeibiwa, na sasa ni kwa picha!

Daktari akangoja nikae. Kisha akasema, taratibu, kwamba mfereji ule pengine ungelala miaka mingi bila kusumbua. Shida ni kwamba jino lilikaa bila kofia, likapata ufa, mate yakawa yanaingia kila siku. Akasema kofia ndiyo nusu ya matibabu.

Wambura alikuwa ameshika mkoba wake magotini. Hakunitazama. Hiyo ilikuwa mbaya zaidi kuliko kunitazama.

Daktari amesafisha mifereji yote minne. Dawa imewekwa, nirudi tarehe ishirini na mbili kujaziwa, na Jumatatu tarehe tano Septemba kuvikwa kofia. Tulipotoka nje Wambura akanifunga skafu yake shavuni, kwa sababu ya upepo. Akasema Jumamosi ya baada ya kofia atakuja Mitunguu mwenyewe, nisimfuate. Nikaahidi. Nikaahidi kwa moyo wote. Naandika hapa ili iwe ushahidi: KOFIA, TAREHE TANO.

Skafu bado ninayo. Inanuka moshi wa kwetu, hata baada ya mwezi kwa Gichovi.

Jumatatu, 5 Septemba

Jino haliumi. Siku ya kumi na nne sasa tangu lijazwe, kimya kabisa. Nimetafunia njugu. Nimetafunia hata mfupa, kidogo, kwa kulijaribu.

Asubuhi niliondoka na pesa ya kofia kwenye bahasha, nimevaa koti. Nilifika Embu mapema mno. Saa moja na nusu kabla. Mtu afanye nini saa moja na nusu? Nikapita duka la vifaa vya kilimo, nikakuta pampu ya maji, inayotumia nusu ya mafuta ya ile yangu. Ya mwisho dukani. Na Bundi ameshaiulizia, muuzaji alinithibitishia.

Nikakaa kwenye kizingiti cha duka nikapiga hesabu kwa uaminifu. Mara ya kwanza jino lilirudi kuuma kwa sababu ya mfereji wa nne. Sasa mifereji yote minne imesafishwa. Hakuna wa tano, nilimuuliza daktari. Kwa hiyo kofia itakuwa inalinda nini?

Pampu inafanya kazi vizuri sana.

Jioni nimempigia Wambura, nikamwambia kazi imekwisha. Nikasikia ile pumzi. Kisha akacheka! Si kicheko cha sokoni alichosema Bundi, ni kile chetu. Ameuliza kama maharagwe ya kando ya mfereji yameota. Amesema Jumamosi saa nne nimngoje stendi, ana mkoba na kuku wawili.

Nimefagia nyumba mara mbili. Nimefuta hesabu za makaa ukutani, zote mbili. Nimenunua mwiko mpya, wa mti mgumu, nikauning'iniza pale pale pa ule wa zamani. Stuli yake nimeikaza mguu uliokuwa unacheza.

Na tochi ya nyumba nimeitoa betri, zote mbili; kile kisimu chake chenye taa bado nakipigia hesabu.