Pikipiki Isiyoshika Kutu

Jumatatu, 7 Julai

Fedheha! Madigadi ya nyuma imeng'oka leo. Ingeweza kuangukia popote, lakini hapana: ikaangukia mlangoni pa Mzee Mangi, baba yake Everlyne, msichana ninayetaka kumwoa. Mzee akatoka. Akaiokota, akaikunja kwa vidole viwili kama chapati, akanirudishia. Mzee huyu amefanya kazi kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni mpaka akastaafu. Kutu anaijua kuliko anavyonijua mimi.

Jioni baba mdogo akarudi na jibu la posa. Mzee hakukataa. Hakukubali pia. Amesema kama pikipiki inayonilisha naiacha iliwe na chumvi, je, binti yake nitamfanyaje? Jumapili baada ya kanisa niipeleke aikague. Akikuta kutu, ile kadzama, mtungi wa pombe ya mnazi tuliompelekea kuombea mke, itarudi kwetu bila kufunguliwa.

Kosa langu liko wapi? Mimi ni bodaboda, nabeba magunia ya chumvi kutoka Gongoni hadi Malindi. Chumvi inachuruzika njia nzima, na upepo wa kusi unamalizia. Everlyne anasema dawa ni rahisi: kila jioni maji ya mfereji, sabuni, kitambaa kikavu, oili kidogo kwenye cheni. Nikamwambia nitafikiria. Ushauri gani huo? Hauna ujanja hata kidogo!

Jumanne, 8 Julai

Nimepata! Kutu inaletwa na umande. Basi pikipiki ifunikwe usiku. Na vifuniko ninavyo tele, tena bure: magunia meupe, mazito, yale yale ya chumvi. Nimeifunga yote, kuanzia usukani hadi ekzosi, nikakaza kamba. Imelala kama mtoto mchanga.

Menza akapita, akacheka. Menza tuko steji moja pale Shella, naye anamtaka Everlyne pia. Pikipiki yake inang'aa mpaka inaudhi. Acheke tu. Mwerevu hachekwi mara mbili.

Jumatano, 9 Julai

Nimefungua magunia. Masikini mimi! Hata spoki zilizokuwa nzima jana zimegeuka rangi ya machungwa. Everlyne alikuja, akalipapasa gunia, akalamba kidole, akaniambia nami nilambe changu, akaniuliza naonja nini. Nikamjibu kwamba umande wa jana ulikuwa mkali kupita kiasi. Akatikisa kichwa. Nadhani alivutiwa na utulivu wangu.

Nikaenda kwa Abdulhalim, fundi wa mashua hapa Shella. Nikamwamkia vizuri, nikamuuliza mashua zake haziozi kwa nini. Akanionyesha debe la mafuta ya papa. Ubao ukipakwa hayo, bahari haiufanyi kitu! Mwenyewe akanionya kwamba hayo ni ya mbao, hajapata kusikia mtu akiyapaka kwenye chuma. Nikamweleza kwa upole kwamba mashua inashinda ndani ya bahari, ilhali pikipiki yangu inapita kandokando tu. Yakitosha huko, hapa yatazidi! Alibaki amejishika kichwa.

Nimepaka tangi. Nimepaka rimu, spoki, cheni, ekzosi. Nimefungua hadi ndani ya breki nikapaka na humo. Sijaacha kitu.

Alhamisi, 10 Julai

Inang'aa! Mpaka saa mbili asubuhi ilikuwa inang'aa. Halafu vumbi la barabara likaganda pote, pikipiki ikawa kama samaki aliyepakwa unga kabla ya kukaangwa. Sikutishika. Huo ni ulinzi wa tabaka la pili.

Harufu ndiyo iliyonitatiza kidogo. Ekzosi ikipata moto, mtaa mzima unajua. Mwalimu Dorcas, mteja wangu wa kila siku, aliomba kushuka hata kabla hatujaondoka stejini. Akasema leo anapenda kutembea. Shule yake iko mbali sana, lakini mazoezi ni mazuri. Paka nao wamenifuata tangu sokoni. Sijawahi kuwa na wafuasi wengi namna hii.

Ila nimepata habari mbaya. Menza naye atakwenda kwa Mzee Mangi Jumapili, eti kumsalimia tu. Na atakwenda na pikipiki yake, eti kwa bahati tu. Usingizi hauji. Nampenda Everlyne, jamani. Nikimkosa kwa sababu ya madigadi, nitaiweka wapi sura yangu?

Jumamosi, 12 Julai

Everlyne amekuja na ndoo, sabuni, na mswaki wa zamani. Alijifunga leso kiunoni, akaanza kusugua bila hata kunisalimia. Spoki moja moja! Mimi nilishika sabuni na kumwelekeza. Mafuta yametoka, vumbi limetoka, kutu imetoka. Mikono yake imechubuka mpaka nikamwonea huruma, nikamwambia. Akasema huruma yangu niipeleke kwenye breki, nizifungue nizisafishe vizuri, maana yeye amechoka.

Nikaahidi. Nikazifungua. Zilikuwa zinateleza vizuri kabisa! Kitu kinachoteleza hivyo unakisafisha kwa nini? Nikaongeza mafuta kidogo, nikafunga.

Jumapili, 13 Julai

USHINDI!

Niandike kwa utaratibu. Nilifika polepole, kwa heshima, nikisaidia breki kwa miguu. Menza alikuwa keshafika, amevaa miwani ya jua. Mzee Mangi akaanza na yangu. Akapitisha kidole kwenye spoki, akakitazama. Safi! Akapitisha chini ya tangi. Safi! Akaenda kwa Menza, akapiga magoti, akachungulia chini ya madigadi. Akasugua. Kidole kikatoka chekundu! Kumbe Menza husafisha panapoonekana tu. Mimi nikajikohoza.

Mzee akanitazama kwa jicho jipya. Akasema nimpeleke hadi dukani aone inavyokwenda.

Tukaondoka vizuri. Nyumba ya Mzee iko juu ya kilima, duka liko chini. Katikati ya mteremko Mzee akaniambia nipunguze mwendo, kuna mbuzi. Nikakanyaga breki. Nikakanyaga tena. Mbuzi wakatupisha wenyewe. Mzee akataja jina la Yesu, halafu akataja langu, kwa sauti ile ile. Nikakata kona, tukaingia moja kwa moja kwenye rundo la makuti ya jirani anayeezeka nyumba.

Mzee akatokea na kuti kichwani. Hakuumia. Akanusa gurudumu. Akauliza nani ameweka mafuta kwenye breki. Nikasema ni utaalamu. Akauliza nani basi alisugua spoki. Nikafungua mdomo kusema ni mimi, lakini Everlyne alikuwa ameshafika mbio, na Mzee akaishika mikono yake iliyochubuka akaitazama.

Niliona kadzama ikirudi.

Mzee akaanza kucheka. Alicheka mpaka akaketi kwenye makuti. Akasema mwanamume huyu akiachwa peke yake atajiua na kuua mbuzi wa watu. Akamuuliza Everlyne kama kweli anautaka mzigo huu maishani mwake. Everlyne akasema anautaka, anaujua, na atausugua mwenyewe.

Kadzama imefunguliwa! Menza naye alipewa kikombe. Alikunywa kama anameza dawa.

Jumatatu, 14 Julai

Arusi ni Desemba. Nitaingia kwa pikipiki, mbele ya watu wote.

Everlyne ameniapisha kwamba sitagusa tena mafuta ya papa, nami nimeapa, tena kwa moyo safi. Mafuta ya nazi hakuyataja. Yananukia, na paka hawayataki. Nimeshangaa kwamba hakuna aliyewahi kuyafikiria.

Leo asubuhi alizifungua breki akaziosha mwenyewe. Sasa zinalia njia nzima. Bwana arusi hawezi kuingia kwa makelele. Nitaanza na hizo.