Kome Weusi na Boti la Ukaguzi

"Wananchi wote, wakulima wa mwani, waogeleaji na viumbe wa baharini wenyewe wanaarifiwa kwamba, kuanzia leo, ni marufuku kwa kome mweusi kuingia, kukaa au kuzaana katika maji yetu bila idhini."

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye lango la soko, kwenye ukuta wa zahanati na, kwa kuwa sheria haichagui, kwenye nguzo za gati, chini kabisa, mahali ambapo kome wangeweza kulisoma bila usumbufu. Aliyelitunga ni Naibu Mkurugenzi wa Idara ya Wageni wa Baharini, mtu mwembamba mwenye tai moja na imani kubwa. Alilirudia mara kadhaa akiwa peke yake ofisini, na kila alipofika kwenye "kuzaana" alijisikia fahari.

Tatizo lenyewe lilikuwapo, tusidanganyane. Kome hao walitoka bahari za mbali, hakuna aliyejua kwa njia gani, wakaganda kwenye kamba za mwani kama upele. Mwani ukishikwa nao haukui. Unalemewa, unazama matopeni, unaoza. Wakulima, wengi wao kina mama, waliwakwangua kwa visu kila maji yalipokupwa, wakaenda kuwafukia mbali na pwani, wakarudi shambani. Ilikuwa kazi ya kuvunja mgongo, lakini ilikwenda.

Idara ilipopata habari ilishtuka. Watu wanadhibiti bila kudhibitiwa! Ndipo ikatoka kanuni: chombo chochote, gunia lolote na kamba yoyote iliyoguswa na kome isipande nchi kavu, pamoja na vyote vilivyomo, mpaka ikaguliwe humo humo majini na kupigwa muhuri. Wa kukagua ni Idara. Idara hukagua kwa boti la ukaguzi. Boti la ukaguzi lilikuwa moja tu, jeupe, lililonunuliwa likiwa limetumika huko ng'ambo, na muda mwingi lilikuwa na Mkurugenzi.

Lenyewe halikuwahi kupandishwa likakwanguliwa. Naibu alishalieleza jambo hilo vizuri kikaoni: boti haliwezi kukaguliwa kwa sababu ndilo linalokagua. Wajumbe waliitikia kwa vichwa kwa heshima, chai ikaletwa.

Basi siku moja dada yake Naibu akaingia ofisini, pindo la kanga likidondosha maji kwenye zulia. Ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na alimlea kwa mwani.

"Mdogo wangu, magunia yetu yamelala majini tangu juzi. Yameanza kunuka."

"Dada, humu ndani mimi ni Naibu."

"Haya, Naibu mdogo wangu. Mwani ukishavunwa unaanikwa. Usipoanikwa kesho ni wa kutupa."

"Mpo kwenye foleni."

"Foleni yenyewe inakwenda lini?"

"Foleni haiendi, Dada. Inakaa. Ndiyo utaratibu."

Laiti angepiga kelele, Naibu angejua la kufanya. Kulikuwa na mwongozo wa kelele. Lakini dada alikaa tu kwenye ukingo wa kiti, akakamua pindo lake.

"Nikiukosa huu nang'oa vigingi, naacha," alisema. "Sina tena mgongo wa kuanza upya."

Alipoondoka, Naibu aliumia. Aliumia kwelikweli, mpaka akalegeza tai. Kisha akaenda kwa Mkurugenzi kuomba boti.

"La nini?" aliuliza Mkurugenzi.

"La kukagulia, Mheshimiwa."

Mkurugenzi alimtazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa. "Boti la ukaguzi ukakagulie? Halafu wageni wa kesho niwatembeze na nini? Niwabebe mgongoni?"

Kesho yake Wiki ya Uwajibikaji wa Viumbe ilizinduliwa rasmi. Boti lilijaa wageni waalikwa, viti vya kukunja na soda. Mkurugenzi alishika kipaza sauti, Naibu akashika hotuba. Walipofika juu ya mashamba ya mwani, ili wageni wapige picha, injini ilikohoa, ikakohoa tena, ikanyamaza. Bomba la maji ya kupoza injini lilikuwa limezibwa.

Maji nayo yalikuwa yanakupwa, na hayakuwa yamealikwa. Yalishuka taratibu mpaka boti likakaa kwenye matope, likalala ubavu, viti vikateremka upande mmoja na waheshimiwa juu yake. Tumbo la boti likawa wazi. Kutoka mbele hadi nyuma lilikuwa jeusi tii kwa kome, wakubwa kwa wadogo, wameshikana.

Kina mama walikuwa wamesimama pembeni na magunia yao, maji yakiwafika magotini.

"Lo!" alisema mmoja. "Kumbe mama yao ni huyu."

"Naibu," alisema Mkurugenzi, huku ameng'ang'ania usukani, "waambie hao watubebe mpaka pwani."

"Simameni hapo hapo!" Sauti ilitoka gatini. Alikuwa askari wa Idara, mtu aliyewahi kusifiwa kwa kumrudisha majini mbwa wake mwenyewe asiye na muhuri. "Chombo kina kome! Hapandi mtu pwani bila muhuri!"

"Si unaona?" Mkurugenzi alimgeukia Naibu kwa furaha. "Muhuri unao mfukoni. Shuka, kagua, gonga, twende tukale."

"Ndiyo, Mheshimiwa," alisema Naibu. Akavua viatu, akashuka. Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Alisimama kidogo kati ya boti na magunia, kisha akageukia magunia.

"Wapi tena huko?"

"Kuna foleni, Mheshimiwa."

Akatia mkono katika gunia la dada yake. Juu mwani ulikuwa umelainika, lakini katikati bado ulikuwa mgumu, mzima kabisa, na alitamani kulia. Gunia bichi halishiki wino, kwa hiyo akampiga dada yake muhuri mgongoni mwa kiganja. Akaenda kwa wa pili, akaenda kwa wa tatu. Idara haikuwahi kufanya kazi kwa kasi ile. Kina mama walipita mbele ya askari wameinua viganja, wakapanda pwani, wakaanza kuanika.

Zamu ya boti ikafika. Naibu alilizunguka polepole, akikagua kila upande. Alijua Jumatatu kiti chake kitakuwa na mtu mwingine, na tai yenyewe atabaki nayo ya kuvalia misibani.

"Limeshikwa," alisema. "Halipandi nchi kavu. Pamoja na vyote vilivyomo."

"Naibu! Unajua unaongea na nani?"

"Na kilichomo, Mheshimiwa."

Soda moja ilibingirika, ikatumbukia majini. Mkurugenzi alifuta jasho, akateremsha sauti, akauliza kistaarabu ukaguzi wa mara ya pili unaweza kufanyika lini.

Naibu, ambaye hakuwahi kumdanganya bosi wake hata siku moja, alifikiri kidogo, akamjibu kwamba hilo lingetegemea boti la ukaguzi litapatikana lini.