Mlinzi wa Mioyo ya Mtaroni

Jumatatu, 12 Januari
Baridi ya kukata masikio. Ardhi imeganda, sururu inadunda. Bosi katutangazia kwamba mchimbaji wa mradi wa jirani kaanguka kwa mshtuko wa moyo, kwa hiyo anatafuta msimamizi wa afya hapa mtaroni. Msimamizi atapewa ofisi yenye hita! Cheo hicho ni changu. Mpinzani ni mmoja tu, mchomeleaji wa mabomba, tunayemwita Koti Tatu kwa uvaaji wake.

Jumanne, 13
Muuguzi kaja kutufunza. Tuvae nguo tabaka kwa tabaka, tuanze kazi polepole, tupumzike kibandani penye jiko, na kifua kikibana tuseme mara moja. Koti Tatu alikuwa anaitikia kila neno. Mimi sikusikiliza sana, nilikuwa najipanga. Moyo ni msuli, na msuli hukomazwa.

Jumatano, 14
Nimeanzisha mbio kabla ya kazi, kisha mashindano ya sururu, makoti pembeni. Nimeongoza mwenyewe, na shati tu. Wenzangu wamepotelea kibandani mmoja mmoja, eti wanatafuta glavu. Koti Tatu kaniuliza mbona midomo imenipauka. Kijicho hicho.

Alhamisi, 15
Kifua kinabana, mkono wa kushoto mzito. Gesi tu. Mke wangu kasema twende hospitali. Nimemweleza kwamba msimamizi mtarajiwa hawezi kuwa mgonjwa wa kwanza. Kanijibu sikio la kufa halisikii dawa, kisha akalia. Roho imeniuma, lakini bosi anateua kesho.

Jumapili, 18
Naandika kitandani, wodini. Ijumaa nilipiga sururu kidogo tu, jasho jembamba likanitoka. Koti Tatu akanikokota hadi kibandani, nikaanguka miguuni pa jiko. Akanifunika makoti yake yote, akaita gari la wagonjwa. Daktari anasema bila yeye mke wangu angekuwa mjane sasa hivi.

Bosi kampa yeye cheo! Haiwezekani. Nimeandika rufaa: mshtuko ulinipata ndani, kando ya moto. Nje kwenye baridi, chini ya uongozi wangu, hajaanguka mtu hata mmoja.

Mke wangu kakataa kuipeleka. Haidhuru. Wakiniruhusu tu, nitaipeleka mwenyewe, kwa miguu, mapema kabla jua halijatoka.