Kuhusu Kuhamishiwa Meza ya Wageni

Kwa Bi Guliko, Mwenyekiti,
Chama cha Akina Mama wa Georgia,
Volos, Ugiriki.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Natumaini mguu wako umepata nafuu. Mimi Nazibrola, mwanachama kwa miaka kumi na moja sasa, ninayemtunza Bibi Evanthia, mzee wa Kigiriki, nyumbani kwake, ni mzima wa mwili. Kilichojeruhiwa ni heshima, na malalamiko yangu ni haya:

1. Siku ya Pasaka nilileta mkate wa jibini. Uliuonja mbele za watu ukasema, "Dada, huu ni wa Kigiriki." Sikatai, jibini ilikuwa ya kwao. Bibi Evanthia hagusi nyingine, na jiko letu ni moja.

2. Niliposimama kuimba, ubeti wa pili ulinitoka, nikaujaza kwa Kigiriki. Mlicheka. Nami nilicheka, ila nilichelewa kidogo. Ndipo ukaniomba kwa adabu nihamie meza ya wageni, eti huko kuna hewa.

3. Mwenyekiti, ugeni nilio nao unanitosha. Kwa muuza mikate mtaani mimi bado ni "yule Mgeorgia." Nikipiga simu nyumbani Zestaponi, binti yangu Teona huwaita wenzake: "Njooni, Mgiriki wetu kapiga." Na kwenu nako mgeni. Basi mimi ni mwenyeji wa wapi, wa kituo cha basi?

4. Ushahidi kwamba mimi ni wenu ninao, ingawa unaniaibisha. Juzi nilimpeleka bibi hospitali. Foleni ndefu, miguu inawaka moto, nikasikia mtu akisema kwa Kigiriki, "Wageni wamejaa humu, hata daktari hatumwoni." Nikageuka kumtafuta huyo asiye na adabu. Kumbe ni mimi. Mama aliyekuwa mbele yetu akanitazama, akanijibu kwa lugha yetu, taratibu: "Dada, wewe ni wa Zestaponi, sivyo? Lafudhi haijifichi."

Nilitamani ardhi inimeze. Bibi Evanthia alidhani tunagombana. Akanishika mkono, akamwambia yule mama, "Mwache huyu. Huyu ni wangu." Nikalia palepale, na sijui nililia kwa lugha gani.

5. Kwa hiyo naomba vyeti viwili vyenye mhuri: kimoja kwamba mimi ni Mgeorgia halisi, kibandikwe ukumbini kwenu, cha pili kwamba mimi ni mtu wa mtaani tu kama wengine, nimpelekee muuza mikate. Nisipovipata kabla ya mavuno ya zabibu, nitaunda chama changu cha mwanachama mmoja, ingawa nachelea kisije kikagawanyika.

Wasalimie akina mama wote, hata waliocheka zaidi, na mumeo, na mpiga kinanda aliyejitahidi kunifuata.

Ndimi wenu, mkinikubali,
Nazibrola

Baada ya sahihi: Nasikia mnataka kumwandikisha yule Tsiala aliyehamia hapa kutoka Italia. Tafadhali lifikirieni kwanza. Akizungumza hurusha mikono kama Mtaliano kabisa. Tukimfungulia mlango kila mtu, Ugeorgia wetu utabaki wapi?