Kumwonyesha Mama Mkwe Ziwa

Jumatatu, 11 Agosti 2025

Mama mkwe amefika Uriri leo kutoka Nyamira. Anasema ameishi milimani maisha yake yote, na sasa magoti yameanza kugoma. Kabla hayajagoma kabisa anataka kumwona kifaru na kupanda mashua. Gordon, mume wa dada ya mke wangu, alikuwa ameshafungua mdomo kujitolea. Nikamwahi. Nikasema Bonde la Lambwe, kwenye mbuga ya Ruma, nalijua kama ua wa duka langu. Sijawahi kufika. Lakini mbuga ni mbuga, wanyama hawawezi kujificha wote.

Sababu ninayo. Mwaka jana Gordon alimpeleka mama Nakuru kuona flamingo. Tangu hapo akiomba humtaja: "Mbariki Gordon, Bwana, na hao wengine." Mimi ndiye hao wengine. Na ni mimi niliyemwoa kifungua mimba wake!

Jumanne, 12 Agosti

Nimempigia simu Elkanah, mvuvi wa Muhuru Bay, ambaye hununua misumari kwangu. Nimemwomba mambo mawili: aseme nimezoea ziwa tangu utotoni, na aniachie nishike injini. La kwanza amekataa, yeye ni mzee wa kanisa. La pili amelicheka mpaka nikaondoa simu sikioni. Mwishowe amekubali, ila kila mtu avae jaketi la kuokoa maisha, na yeye akae karibu nami.

Mke wangu Eucabeth ameuliza nilijifunza lini kuendesha mashua. Nikamwambia mwanaume ana mambo yake. Akasema hayo ndiyo anayoyaogopa.

Jumatano, 13 Agosti

Nilitangulia na Probox yangu, mama na Eucabeth wakiwa nyuma. Gordon akafuata na gari lake. Kumbe kwenda mbuga ya Ruma unakata kona kabla ya kufika Homa Bay mjini. Sikukata. Gordon aliniwashia taa mara nyingi. Nikajua ni wivu. Tulipita mji, tukaendelea na safari, hadi tukajikuta Kosele sokoni.

Nikatangaza kwamba Kosele ilikuwa kwenye ratiba. Mama alinunua viazi vitamu, akafurahi. Gordon akanishukuru kwa ratiba. Afadhali angenigombeza.

Ruma tuliingia jua limeshaanza kushuka. Mara nikamwona kifaru kwenye nyasi! Nikasimamisha magari, nikaamuru kimya, mtu asikohoe hata. Tulingoja sana. Mnyama mtulivu ajabu. Gordon akaja kwa kunyata, akanipa darubini yake. Kilikuwa kichuguu.

Ndipo mama akasema kwa upole kwamba twiga walikuwa wamepita nyuma yetu, mama na mtoto, karibu mpaka akaziona kope zao. Nikauliza mbona hakutuambia. Akajibu kwamba mwenye safari alikataza watu kusema.

Kifaru hatukumwona. Kesho ni kesho.

Alhamisi, 14 Agosti

Muhuru Bay. Ziwa limetulia, omena, dagaa wa huku, zimeanikwa ufukweni zinameremeta. Kwetu Wagusii mtu na mama mkwe wake hawakaribiani, hata mkono hawapeani. Kwa hiyo nilimketisha mbele kabisa, mimi nikakaa nyuma kwenye injini.

Hakuna aliyeniambia kwamba ukisukuma usukani wa mashua kushoto, chombo huenda kulia. Elkanah anasema aliniambia. Tuliuzunguka mti mmoja uliozama mpaka Gordon akapata kizunguzungu. Nilipoiweka sawa nikasimama, nikawaonyesha ndege mkubwa, nikawatajia na jina nililotunga papo hapo. Mashua ikapanda mchanga. Mimi nikaendelea na safari.

Nilipiga maji kwa mikono na miguu. Nilimwita Mungu, Eucabeth na hata Gordon. Mama mkwe ndiye aliyefika kwanza. Aliwaruka wote, magoti yale yale, akanirushia leso yake, kisha akanishika mkono. Mkono wangu, yeye, mbele ya watu!

Akasema, "Mwanangu, simama."

Nikasimama. Maji yalinifika kiunoni.

Kisha akacheka. Alicheka mpaka akaketi chini ndani ya mashua na kufuta machozi. Baadaye Eucabeth aliniambia hajamsikia mama yake akicheka hivyo tangu tulipomzika baba. Nilikamua suruali.

Ijumaa, 15 Agosti

Mafua. Gordon ameitumbukiza simu yangu kwenye mchele ikauke. Imewaka. Namshuku.

Jumamosi, 16 Agosti, jua limetua

Leo Sabato, kanisani mama aliombwa atoe shukrani. Alimshukuru Mungu kwa twiga, kwa viazi vya Kosele, kwa Gordon na darubini yake. Kisha: "Na kwa mwanangu Oyaro, aliyetolewa kwenye maji ya kiuno." Kanisa zima liliangua kicheko, mchungaji naye. Wacheke. Gordon alipata neno moja na darubini, mimi nikapata kisa kizima.

Baada ya ibada kwaya ya akina mama ilisema inatamani kwenda kisiwa cha Takawiri, kwenye ule mchanga mweupe, ila haina mtu anayejua mambo ya mashua. Mkono wangu ulikuwa juu kabla hawajamaliza kusema. Eucabeth alinivuta koti mpaka kifungo kikakatika. Gordon ameniuliza kwa adabu kama anaweza kuja pia. Nimemruhusu, mradi akae nyuma yangu.