Ufunguo wa Siri wa Watu Sitini na Wawili

Idara ya Boti za Wagonjwa Visiwani ina fahari kuutangazia umma kwamba, kwa mujibu wa Sera ya Uwazi, ufunguo wa siri wa seva yetu sasa unasomwa na maafisa wote sitini na wawili. Mimi, Naibu Mkurugenzi, ninao kwenye simu, baina ya picha za harusi ya binamu yangu.

Ufunguo wenyewe ni faili. Fundi wetu, Bi Razan, akimaliza kurekebisha programu ya mtambo wa kuita boti, kompyuta ya ofisi huutumia kuingia kwenye seva na kuweka marekebisho yenyewe, bila mtu kugusa kitu. Jumatatu palikuwa na rekebisho dogo: wito wa zahanati ya Chundwa ulikuwa ukipeleka boti Mokowe, bara, badala ya gati ya karibu, Mtangawanda. Kompyuta ikajaribu kuingia. Ikaandika: Ruhusa imekataliwa.

"Imemkatalia nani?" akauliza Mkurugenzi, Bwana Phineas.

"Sote, Bwana," akajibu Razan.

"Imeambiwa mimi ni nani?"

"Haijui vyeo," akasema Razan. "Faili la ufunguo limeachwa wazi, kila mtu analisoma. Kompyuta ikiona hivyo haiutumii. Nitengeneze mpya, faili lake lisomwe na kompyuta hiyo peke yake, na ule wa zamani niufute kwenye seva. Dakika tano."

"Mimi nisisome faili la idara yangu? Wacha hizo."

Bwana Phineas akaunda kamati, mwenyekiti mimi. Tulifanya kazi kwa kasi isiyo ya kawaida: kufikia saa nne tulikuwa tumeagiza mahamri na kuiandikia seva barua ya kuitaka itafakari upya msimamo wake. Barua iligongwa muhuri mara mbili.

Ndipo akapiga simu Sumeiya, muuguzi wa Chundwa.

"Niko gatini Mtangawanda na Bi Barka. Uchungu umekwama tangu alfajiri, na damu yamtoka. Mtambo waniambia boti imefika. Imefika wapi?"

Ilikuwa imefika Mokowe, tena kwa wakati. Takwimu zetu za siku hiyo zilipendeza sana.

Razan akampigia nahodha wa boti, Swafwan, amwelekeze njia ya Mtangawanda.

"Ndia naiyua, Bi Razan," akajibu. "Ruhusa ndiyo sina. Waraka wasema nisifuate simu, nifuate mtambo. Mwenzangu alofuata simu mlimfuta kazi."

Waraka huo niliuandika mimi. Ulisifiwa hadi bara.

Razan akamtazama Bwana Phineas. Bwana Phineas akayatazama mahamri. Basi Razan akavuta kiti, akatengeneza ufunguo mpya, akalifunga faili, akafuta ule wa zamani tuliokuwa nao sote. Kompyuta ikaingia kwenye seva bila hata kubisha, ikaweka rekebisho. Mtambo ukamwita Swafwan kwa king'ora, naye akaondoka kama aliyekuwa akingoja ruhusa hiyo tu.

Alasiri Sumeiya akatuma ujumbe kutoka hospitali: mama mzima, mtoto mzima, alhamdulillahi. Nilitoka uani kidogo. Kulikuwa na vumbi, likaniingia machoni.

Kesho yake Bwana Phineas alitia saini amri mbili: asipewe mtu yeyote ufunguo bila idhini ya kamati, na Razan asimamishwe kazi mara moja. Kumsimamisha mtumishi hufanywa ndani ya seva, na Mkurugenzi peke yake. Akaketi, akaweka ufunguo wake, ule wa zamani, akabonyeza. Akabonyeza tena, kwa nguvu zaidi.

"Nifungulie," akamwambia Razan.

"Bila kamati, Bwana? Wino wa amri yako haujakauka."

Akanigeukia mimi. Nilimhakikishia kwamba ombi lake limepokelewa na litashughulikiwa kwa uzito unaostahili. Wajumbe wameomba jambo moja tu: athibitishe kwa maandishi kwamba yeye ndiye Mkurugenzi. Barua yake ya uteuzi ingetosha kabisa, ila imo ndani ya seva.