Risala ya Dagaa Iliyotangaza Dawa ya Kipara

Leo nimeaibika mbele ya mgeni rasmi, mchungaji na ukoo mzima. Naandika nikiwa nimejifungia ndani, simu nimeizima sauti.

Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wanaoanika dagaa hapa kijijini kwetu, kando ya ziwa, nje kidogo ya Musoma. (Ndiyo, ni mwanaume. Nilichaguliwa kwa sababu nina kompyuta.) Mwenyekiti ni shangazi yangu, Nyanjura. Dagaa wanaanikwa mchangani, mvua ikinyesha wanaoza. Akina mama wanataka vichanja na paa. Leo alikuwa anakuja mgeni kutoka kwenye mradi unaosaidia mambo hayo, na huku kwetu mgeni rasmi hapokelewi bila kusomewa risala.

Risala sijawahi kuandika. Wiki iliyopita nilikuwa Bunda kwa kaka, kwenye intaneti ya uhakika, nikakuta blogu moja imeweka risala ya wafuga nyuki. Tamu kweli, imejaa "changamoto mbalimbali" na "ushirikiano wa dhati". Nikasevu ukurasa wote, nikajiona nimemaliza kazi.

Asubuhi hii naufungua kwenye Word, nikadhani kompyuta imelaaniwa. Maneno mengine ya bluu, yamepigiwa mstari. Risala imebanwa ndani ya jedwali, neno moja kila mstari. Katikati matangazo ya dawa, chini maoni ya wasomaji. Kubadilisha nyuki kuwa dagaa halikuwa tatizo. Nikafuta tangazo, risala nayo ikaondoka. Nikairudisha. Nikafuta maoni, aya ya pili ikarukia ukurasa wa mwisho. Nikarudisha tena.

Ndipo akili yangu ikanituma (laiti ingekaa kimya) niyapake rangi nyeupe yote nisiyoyataka. Maandishi meupe kwenye karatasi nyeupe, nani atayaona? Ukurasa ukawa safi. Nafasi tupu zilikuwa nyingi, lakini nikasema shangazi atapumzikia hapo.

Nikapanda bodaboda hadi stationery moja Mwigobero, mjini Musoma. Dada wa pale akatazama kwenye skrini.

"Kaka, haya ya bluu yatatoka yamefifia. Niyaweke yote meusi?"

"Weka."

"Na maandishi nikuze?"

"Kuza, anayesoma ni mtu mzima."

Simu ikaita. Shangazi. "Baba, uko wapi? Mgeni ameshatoka Butiama, yuko njiani." Nikachukua karatasi zikiwa bado za moto, nikazikunja, nikarudi kwenye pikipiki. Sikuzisoma.

Akina mama walikuwa wamefagia mpaka mchanga unapendeza. Dagaa walioharibiwa na mvua ya jana walikuwa wamewarundika nyuma ya kanisa na kuwafunika turubai, mgeni asione uchafu. Mgeni akashuka kwenye gari, mtu mpole, kofia mkononi, kipara kinang'aa. Wala sikukitilia maanani kipara kile. (Ningekitilia!)

Shangazi akavaa miwani, akashika kipaza sauti. "Ndugu mgeni rasmi." Aya ya kwanza, makofi. Aya ya pili, makofi. Kisha, kwa sauti ileile ya heshima:

"Je, kipara kinakuaibisha? Usikubali kudharauliwa. Nywele zako zitaota ndani ya mwezi mmoja."

Makofi. Watu wameshazoea, shangazi akinyamaza wanapiga.

Yale meupe yangu nayo yalikuwa yamegeuzwa meusi kule stationery. Nilimpungia mkono anyamaze. Akadhani namwambia aongeze sauti, akaongeza. "Bonyeza hapa kuona picha za kabla na baada." Mgeni alikuwa ameshavaa kofia. Mchungaji alikuwa anachunguza viatu vyake. Nikajipenyeza hadi mbele, nikamnong'oneza, "Shangazi, ruka hayo."

Akanijibu kwenye kipaza sauti. "Niruke nini? Mi nasomaga kilichoandikwa. Si umeandika wewe?"

Akageuza karatasi. "Maoni. Mdau wa kwanza anasema, hawa ni waongo, wanajua kuomba tu. Msiwape kitu."

Hapo hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja wa mstari wa mbele akauliza, "Ni nani huyo anasema sisi ni waongo?" Shangazi akamkabidhi mgeni risala kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa. Niliumia sana. Vichanja walivyovisubiri misimu yote ile, nimeviua mimi kwa uvivu wangu.

Mgeni akasimama. Tulijua anaaga.

"Mama, nimesikia," akasema. "Sasa naomba nizione hizo dagaa zenyewe."

Akina mama wakaangaliana. Mchangani palikuwa patupu, tumefagia. Shangazi akasita, kisha akampeleka nyuma ya kanisa, akafunua turubai. Sisi tuliokulia kwenye harufu ya dagaa tulirudi nyuma. Mgeni akavua kofia, akajizibia pua nayo.

"Zote hizi ni mvua moja?"

"Ni ya jana tu, baba. Na msimu huu inanyeshaga karibu kila jioni. Hizi tunawapaga bata, na bata wenyewe wanachagua."

Akatazama lile rundo. Akaitazama risala. Halafu akanigeukia mimi.

"Katibu, kwa nini hili halimo humu?"

Risala ilikuwa ya nyuki.

Amesema atamleta fundi aje apime eneo la vichanja. Kikundi nacho kimekaa kikao kifupi pale pale, soda mkononi. Ukatibu nimeachiwa, ila kazi yangu kuanzia leo ni kupanga viti.

Naombeni mcheke polepole. Shangazi yuko chumba cha pili, na bado hajaniuliza "bonyeza hapa" maana yake nini.